Mlio Niliouzima

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kukaa kiti cha abiria na kumsaidia mtu mwingine kushika breki. Magari ya shule ya udereva yana pedeli mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na mguu wangu wa kulia umekaa juu ya ile ya mwalimu muda mrefu kiasi kwamba soli ya kiatu hicho huisha kabla ya mwenzake. Wanafunzi wananiita Breki. Wanadhani sijui. Najua, wala sichukii, maana katika wote niliowafundisha hakuna hata mmoja aliyemgusa mtu barabarani nikiwa naye garini. Hilo nilikuwa nalisema kila siku ya kwanza ya darasa, kifua mbele. Siku hizi naanza moja kwa moja na alama za barabarani.

Gari nililipata kwa bahati nasibu. Duka kubwa jipya lilifunguliwa mjini, wakaliweka mlangoni juu ya jukwaa lenye zulia, na mimi nikajaza kuponi kwa sababu kalamu ilikuwa pale na foleni ya kulipia haikuwa inasogea. Walipopiga simu nikajua ni matapeli, nikakata. Walipiga tena, nikawatukana kidogo. Mara ya tatu mke wangu ndiye aliyepokea, akasikiliza, akakaa chini.

Sasa nilieleze. Ni yale magari ya mbio ya siku hizi, ya haibridi: injini ya petroli imelala nyuma ya viti viwili, na pembeni yake kuna mota za umeme na betri. Liko chini mno. Mke wangu alipoingia mara ya kwanza aliuliza, "Hapa nimekaa kwenye gari au nimekaa barabarani?" Kutoka alitoka kwa mikono na magoti, huku mimi nikijifanya naangalia tairi. Milango inafunguka kwenda juu. Nafasi ya mizigo inameza mfuko mmoja wa sokoni, tena usiwe na kabichi. Kila tuta la barabarani lazima ulipande kwa ubavu, polepole, la sivyo utasikia tumbo linakwaruza na moyo wako unakwaruzika nalo.

Wale wa duka walinipa hiari: gari, au fedha zake. Nyumbani tukakaa kikao. Mke wangu alitaka fedha, na sababu zake zilikuwa paa letu na uzee wetu, sababu ambazo mtu mwenye akili timamu hazipingi. Binti yetu, aliyeolewa mbali, alisema hayo hayo kwenye simu. Aliyenitetea alikuwa mmoja tu, kaka yangu.

"Mwacheni achukue gari," alisema. "Maisha yake yote ameendesha kwa kutumia miguu ya watu wengine. Naye aendeshe."

Kaka amenizidi miaka minane. Alipofuka akiwa na miaka tisa, baada ya homa. Ni fundi wa piano. Makanisa, shule, kumbi, nyumba za wenye nafasi, wote humwita piano zao zikianza kuimba vibaya, naye huenda na mkoba wake wa ngozi wenye ufunguo wa kukazia nyuzi na kile chuma cha meno mawili anachokigonga gotini ili kimpe noti ya kuanzia. Anaishi kwenye chumba cha uani kwetu, chenye mlango wake mwenyewe. Hakuoa, na ukimuuliza kwa nini, anakuambia hakumpata mwanamke asiyetoka kwenye noti.

Mtaani wanamwita Mzee Sikio. Anajua gari la jirani lipi limetoboka ekzosi. Amewahi kuniambia, akiwa kitandani kwake na mimi naingia getini, kwamba mkanda wa gari la shule umelegea, na kweli ulikuwa umelegea. Anatembea mwenyewe kwa fimbo yake nyeupe, na anavuka barabara kuu mwenyewe. Ukimshika mkono umvushe, anauondoa mkono wako taratibu, kama mtu anayetoa uzi kwenye shati, kisha anasimama, anasikiliza, anavuka. Hilo ndilo jambo analojivunia duniani. Piano ni kazi tu.

Mke wangu alikubali kwa masharti. Gari likae mwaka mmoja, kisha liuzwe na paa lijengwe. Tena litoke Jumapili tu, naye akiwemo.

"Na usidhani utaniibia," akasema. "Lile dude likiwashwa mtaa mzima unajua. Nitasikia."

Mimi nikaapa. Nilikula kiapo kabisa, mkono kifuani.

Jumapili za mwanzo zilikuwa raha tupu, sitadanganya. Tulikuwa tukienda barabara ya bwawa, kilomita kumi na nne za lami yenye kona nzuri, na tukirudi kaka alikuwa akitusubiri uani. Nilikuwa namwachia injini ikiwaka, naye anaweka kiganja juu ya kifuniko chake na kuinamisha kichwa. "Hii inaanza chini kabisa," alikuwa akisema. "Panda kidogo. Ehe. Sasa hapo ameingia mwimbaji wa pili." Alicheka peke yake. Alilijua gari lile kwa sauti kuliko mimi nilivyolijua kwa macho. Lakini lilikuwa na upande mmoja asioujua, kwa sababu sikuwahi kumwonyesha.

Karibu na usukani kuna kitufe. Ukikibonyeza, injini inabaki imelala na gari linatembea kwa umeme mtupu. Halitoi moshi wala muungurumo. Nilikigundua wiki ya tatu, nikisoma kitabu cha maelezo chooni, na nilipokielewa nilifunga kile kitabu haraka kama mtu aliyefumaniwa. Nilikuwa nimeshaelewa kinaweza kunifanyia nini.

Sasa mniulize mtu mzima kama mimi alikuwa anatafuta nini. Kwa miaka ishirini na sita nimesema "punguza mwendo." Nimesema "tazama kioo," "bado, bado," "subiri apite." Nimekaa pembeni ya watu wanaotetemeka, nikitabasamu, mguu tayari. Na sasa kulikuwa na kitu uani kwangu ambacho ukikigusa kidogo tu mgongo unagandamana na kiti na mti wa mbali unakuwa mti wa karibu kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Jumapili na mke wangu pembeni hazikutosha. Alikuwa akishika kishikio cha mlango na kusema "punguza mwendo," kwa sauti yangu mwenyewe kabisa. Nilitaka kwenda peke yangu. Nilitaka vibaya, na bila haya.

Jumanne moja saa kumi na moja alfajiri nikajaribu. Nilibonyeza kitufe, gari likaanza kurudi nyuma, na hapo nikagundua halikuwa bubu kabisa. Likienda polepole kwa umeme, linatoa mlio fulani, mwembamba, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Kupitia dirishani nikamsikia mke wangu akijigeuza kitandani. "Kuna nini huko nje?" Nikamjibu kwamba naangalia upepo wa tairi za gari la shule. Nikalirudisha mahali pake.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari ninayemwamini. Nikamwambia auzime ule mlio.

Akanitazama. "Mwalimu, huu wameuweka kwa ajili ya watembea kwa miguu."

"Najua."

"Wasipolisikia..."

"Mtaa wetu alfajiri hauna mtu," nikamkata. "Zima."

Huyo nilikuwa mimi, Breki, niliyewafelisha vijana kwa kusahau kupiga honi kwenye kona. Fundi akafungua paneli, akachomoa waya mmoja, akaufunga kwa utepe mweusi. Haikuchukua hata dakika kumi. Niliporudi nyumbani nikapaka grisi magurudumu ya geti, maana nalo lilikuwa likilia likivutwa.

Kaka aliligundua kesho yake. "Geti limenyamaza," akaniambia. "Nilikuwa nalitumia kujua nimefika."

"Lilikuwa linapiga kelele mno, kaka."

"Basi sawa," akasema. "Nitahesabu hatua."

Wiki tano nilitoka kila Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa natoka kwa umeme hadi kupita kona ya duka la dawa, nawasha injini nikishafika barabara ya bwawa, na nikirudi nabakiza umeme wa kunifikisha nyumbani. Geti nililiacha wazi ili niteleze moja kwa moja hadi chini ya kibanda. Taa nilibakiza zile ndogo tu, zisimulike dirisha la chumbani. Saa mbili nilikuwa darasani, nimenyoa, nikiwaambia watu kwamba mwendo ndani ya makazi ni hamsini. Nilikuwa na furaha ya mwizi ambaye bado hajakamatwa, na nilianza kudhani hiyo ni furaha ya kawaida.

Alhamisi ya wiki ya tano, kaka alikuwa na kazi shuleni. Kulikuwa na mahafali, na mwalimu mkuu alimwomba amalize piano kabla wanafunzi hawajaingia ukumbini. Hakuniambia, hakuwa na sababu ya kuniambia. Kwa kawaida hutoka saa moja kasorobo. Siku hiyo alitoka saa kumi na mbili kasorobo.

Nilikata kona kuingia getini na yeye alikuwa katikati ya njia, anatoka. Mguu wangu ulikanyaga breki. Niseme hilo, kwa sababu ndilo pekee nililofanya vizuri asubuhi ile. Lakini bawa la mbele, lile linalofunika tairi, lilishaikamata fimbo, fimbo ikaingia chini ya tairi, na kaka, ambaye hajawahi kuiachia fimbo yake, alivutwa nayo akaanguka ukingoni mwa mfereji kwa mkono mmoja.

Gari lilisimama. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Alijiinua akakaa, mkoba wake umefunguka, vifaa vimetawanyika. Akageuza uso huku na huku.

"Nani?" akauliza. "Nani hapo?"

Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Ningeweza kusema "ni mimi" na kila kitu kingeishia hapo, kwa aibu, kwa ugomvi wa nyumbani, kwa kuuza gari. Nikawaza kiapo. Nikawaza mke wangu. Na kwa kweli niliwaza kwamba nikisema, sitaiona tena ile barabara ya bwawa alfajiri. Nikaondoa mguu kwenye breki. Gari likasogea lenyewe, bila sauti, hadi chini ya kibanda, nami nikaingia ndani kwa mlango wa jikoni, nikavua viatu, nikavaa ndala, nikatoka tena nikikimbia.

"Kaka! Kuna nini? Umeanguka?"

"Kuna kitu kimenipiga."

"Labda baiskeli," nikasema.

Alikuwa ameshaiokota fimbo. Akaipapasa kutoka mpini hadi pale ilipopindika. Ilikuwa imekunjwa bapa kabisa kwenye kiungo cha katikati.

"Baiskeli haiwezi hivi," akasema polepole. "Hili ni gari, mdogo wangu. Gari limenipita hapa, na mimi sikulisikia."

Mkono ulikuwa umeteguka tu. Daktari aliufunga bandeji kwa wiki mbili. Majirani walikuja kumpa pole na kumlaani dereva aliyegonga kipofu na kukimbia. Nami nikamlaani. Nilitumia maneno makali kuliko ya wote, hadi jirani mmoja akaniambia nitulie. Jioni nililipangusa bawa la gari kwa kitambaa. Lilikuwa na mchubuko mweupe mfupi kama kidole cha mtoto.

Nilidhani mkono ukipona mambo yatapita. Mkono ukapona. Kilichogoma kupona ni yeye. Alikaa chumbani redio ikiwa imezimwa, anasikiliza. Nikimletea chai anauliza, "Sasa hivi limepita gari?" Nikimwambia hapana, naona hajaamini. Mke wangu akampeleka hospitali kupimwa masikio. Wakamvalisha vile vifaa vya masikioni, wakampigia milio midogo, wakasema kwa umri wake anasikia vizuri sana.

"Shemeji, si umesikia?" mke wangu akamwambia kwa furaha. "Mazima."

"Walinipigia milio, nikaisikia," kaka akajibu. "Lakini kuna gari zima nililikosa. Sasa najuaje ni mangapi mengine ninayoyakosa?"

Akaacha kutembea peke yake. Shule ikapiga simu kuhusu piano ya ukumbini, akawaambia watafute fundi mwingine, kwamba yake hayategemeki tena. Hakusema masikio. Alisema "yangu haya." Watoto wa mtaani walipomwita Mzee Sikio alikuwa akicheka na kujibu, sasa akaanza kuwaomba wasimwite hivyo. Na siku moja, tukiwa tunakwenda kunyoa, tulipofika barabara kuu, alisimama, akasikiliza, kisha akanyoosha mkono akanitafuta begani.

"Nivushe," akasema.

Sijawahi kubeba kitu kizito kama mkono ule. Nilimvusha. Upande wa pili akaniambia, "Asante, mdogo wangu. Sijui ningefanyaje bila wewe." Nikaitikia. Nilisema, "Usijali, kaka." Maneno hayo niliyatamka kwa ulimi wangu huu huu.

Mtauliza kwa nini sikusema. Kila siku nilikuwa na sababu mpya. Wiki ya kwanza, mkono wake ulikuwa unauma. Wiki ya pili, mke wangu alikuwa na mafua. Baadaye sababu ikawa ule muda wenyewe: nikisema leo, ataniuliza kwa nini sikusema jana. Gari lilikaa chini ya turubai. Jumapili nilisema naumwa mgongo. Lakini, nisikilizeni vizuri, mara mbili, alfajiri, nilitoka nalo tena. Hata baada ya hayo yote. Ya kwanza niliwasha injini barabara ya bwawa na nikalia nikiendesha. Ya pili sikulia.

Wiki ya tisa kaka akaniambia kuna fundi kijana wa piano atakuja Jumamosi saa nne kununua vifaa vyake vya kazi. Alishaelewana naye. Alikuwa ameusafisha mkoba kwa mafuta, umewekwa juu ya kiti.

"Na kile chuma cha noti?" nikauliza.

"Vyote. Nibaki nacho cha nini?"

Jumamosi hiyo saa tatu nilimshika mkono nikamleta uani. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Nikaondoa turubai. Nikamwambia kaka aweke kiganja juu ya gari, mbele, mahali pasipo na injini. Akaweka.

"Unawasha?" akauliza, na nikaona uso wake unajiandaa, kama zamani.

Niliingia, nikabonyeza kitufe, nikarudisha gari nyuma hatua sita. Niliposimama, kaka alikuwa bado amesimama, mkono umenyooshwa, kiganja kimebaki hewani. Mke wangu alikuwa ameshika shati lenye maji na hakulitundika.

"Rudia," kaka akasema.

Nikalisogeza mbele hadi likagusa vidole vyake. Nikalirudisha tena. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya kwenye piano. Kisha uso wake ukafunguka. Sijui niseme vipi. Alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka hapo hapo, akajipiga masikio yote mawili kwa viganja.

"Halilii," akasema. "Shemeji, halilii kabisa! Si mimi. Lilikuwa gari la namna hii. Kumbe si mimi."

Nilitoka garini.

"Kaka, halikuwa la namna hii," nikasema. "Lilikuwa hili. Nilikuwa mimi."

Kicheko kilimwisha taratibu. Hakikukatika mara moja. Alitafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Uliniona?"

"Kwenye kioo."

"Nikauliza nani hapo."

"Ndiyo."

Akauliza jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingeliuliza, ila yeye ambaye maisha yake yote yalitegemea vitu kutoa sauti.

"Watu waliolitengeneza waliliacha hivi? Bila hata mlio mdogo wa kumwambia mtu jihadhari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Lilikuwa nao. Nilimwambia fundi auzime. Ili msinisikie nikitoka."

Mke wangu aliliweka lile shati ndani ya beseni. "Mimi kila asubuhi nilikuwa nasikiliza," akasema, akimwambia kaka wala si mimi. "Kumbe nasikiliza ukuta." Akaingia ndani.

"Na geti?" kaka akauliza.

"Na geti."

"Wiki tisa," akasema. Hakupandisha sauti. "Wiki tisa nimekaa kwenye kile chumba nikijizika, na wewe unaniletea chai."

Yule fundi kijana alipobisha saa nne, kaka alimfungulia mwenyewe, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamwambia vifaa haviuzwi. Jumatatu alikwenda shuleni kuangalia piano ya ukumbini. Alivuka barabara kuu peke yake. Nilimfuata nyuma kwa mbali, kama mpelelezi wa kijinga, nikamwona anasimama, anasikiliza, anavuka. Kabla hajaingia shuleni akageuka akasema, "Rudi kazini kwako. Viatu vyako navisikia tangu duka la dawa."

Wiki hiyo nilirudi kwa fundi wa magari akaurudisha mlio, na mwezi haukuisha kabla gari halijapata mnunuzi. Lilikuja lori la kubebea magari, likalipakia, nikasimama barazani. Ukweli ni kwamba lilipopita kona nililitamani. Paa limejengwa. Grisi ya magurudumu ya geti niliitoa kwa mafuta ya taa, nikayasugua hadi yakaanza kulia tena.

Kaka hanisimangi. Tunakula pamoja, ananitania, ananiuliza habari za wanafunzi. Watoto wamerudia kumwita Mzee Sikio. Mjini kote anavuka mwenyewe, hata pale kwenye mzunguko ambapo wenye macho wanaona woga. Ila kila asubuhi, akifika kwenye geti letu, anasimama. Mimi huwa nimekaa barazani hatua nne kutoka hapo, nafunga kamba za viatu.

"Umeamkaje, mdogo wangu?" ananiuliza.

"Salama, kaka. Njia iko wazi, pita."

Anatikisa kichwa kwa heshima, kuonyesha kwamba amenisikia. Kisha anageuza uso upande wa jikoni na kuita, "Shemeji, kuna gari?"

Mke wangu anamjibu kwamba hakuna, ndipo anapita.